Berlin: Mwongozaji kawaambia wanafunzi wetu kwamba Ujerumani iliibadilisha Zanzibar kwa kisiwa cha Heligoland. Je, ndivyo?

#1 Maalim_Mkunazini

Assalaam alaykum wanajamvi. Naomba msaada wa wajuzi wa historia, kwa sababu suali hili limenikaa kichwani tangu tuliporudi safari.

Nilifuatana na wanafunzi wa sekondari, baadhi yao wa Unguja na wengine wa Pemba, waliokwenda Ujerumani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Wenyeji wao walikuwa Potsdam, mji ambao tangu 2017 una udugu rasmi na Mji wa Zanzibar, na kwa kuwa kutoka hapo hadi Berlin ni safari fupi ya treni, siku za mapumziko watoto walipelekwa mji mkuu kutembezwa. Waliliona Lango la Brandenburg lililomalizika kujengwa 1791, wakapanda kuba la kioo la jumba la bunge la Reichstag, wakapita katikati ya nguzo 2,711 za zege zilizowekwa kuwakumbuka Mayahudi waliouawa barani Ulaya, na wakagusa kwa mikono yao kipande cha Ukuta ulioanza kujengwa Agosti 13, 1961. Yote hayo mwongozaji aliyaeleza kwa utulivu na kwa ufasaha.

Tulipofika mtaa wa Wilhelmstraße, penye kibao kinachoeleza kwamba hapo ndipo lilipokuwapo jumba la Kansela ulimofanyika Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, aliwauliza watoto wanatoka wapi. Waliposema Zanzibar alifurahi sana, akawaambia kwamba Zanzibar ilikuwa koloni la Ujerumani, na kwamba Ujerumani iliwapa Waingereza ili nayo ipewe Heligoland, kisiwa kidogo kilichopo Bahari ya Kaskazini. Watoto wote wakageuka kunitazama mimi. Mmoja wao, kijana wa Wete, akauliza: "Maalim, na Pemba nayo ilibadilishwa, au ilikwenda bure?"

Masuali yangu ni mawili. Je, Zanzibar iliwahi kuwa mikononi mwa Wajerumani hata wakaweza kuitoa? Na ikiwa haikuwahi, kwa nini hadithi hii inasimuliwa Berlin kwenyewe, na kwetu pia, tena na watu waliosoma?

#2 MwanaKikwajuni

Wa alaykum salaam, maalim. Mimi nilisomeshwa hivyohivyo skuli: Heligoland kwao, Zanzibar kwa Waingereza. Nasubiri wajuzi.

#3 BintiMakunduchi

Ahsante maalim kwa kuleta jambo hili. Suali la kwanza lina jibu. La pili ndilo gumu.

Zanzibar haikuwa koloni la Ujerumani hata siku moja. Mkataba unaosemwa, unaoitwa Mkataba wa Heligoland na Zanzibar, ulitiwa saini Berlin Julai 1, 1890, Kansela akiwa Leo von Caprivi, aliyeshika nafasi ya Bismarck miezi michache kabla. Miaka minne nyuma, katika makubaliano ya 1886, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimeshakubali kwamba Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, pamoja na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, ni milki ya Sultani. Kwa hiyo mwaka 1890 Ujerumani haikuwa na Zanzibar ya kumpa mtu. Ilichokitoa ni hiki: ilijiondoa Witu, karibu na Lamu, ambako ilitangaza himaya 1885; iliyaacha madai yake juu ya Uganda; na ilikubali kutowapinga Waingereza watakapoiweka Zanzibar chini ya himaya yao. Ilichokipata ni Heligoland, kipande cha ardhi cha kuufikia mto Zambezi kilichokuja kuitwa kwa jina la huyo Caprivi, na ahadi ya Waingereza kwamba watamshawishi Sultani awaachie Wajerumani pwani ya bara pamoja na kisiwa cha Mafia. Pwani hiyo ilikwenda kwa marki milioni 4. Himaya ya Kiingereza juu ya Unguja na Pemba ilitangazwa Novemba mwaka huohuo, Sultani akiwa Sayyid Ali bin Said. Kijana wa Wete aambiwe kwamba Pemba ilimo katika mkataba sawasawa na Unguja.

Jambo jengine linahusu kibao chenyewe. Watoto wengi hutoka pale wakiamini kwamba ndani ya jumba lile watu waliinamia ramani wakagawana Afrika nzima. Mkutano ule, uliofunguliwa Novemba 15, 1884 na kufungwa Februari 26, 1885, ulishughulika zaidi na biashara na usafiri katika mito ya Kongo na Niger, na masharti ya dola kujitangazia pwani mpya. Mipaka yetu ya Afrika Mashariki ilichorwa baadaye, kwa mapatano baina ya London na Berlin. Lakini siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, yaani Februari 27, 1885, Kaizari alimpa Carl Peters, Mjerumani mpenda makoloni, hati ya ulinzi kwa maeneo aliyoyadai bara. Ningekuwa mimi ndiye mwongozaji, ningesimama hapo kwenye hiyo siku moja.

#4 Mtembeza_Shangani

Salaam. Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, kwa hiyo naomba nimsemee mwenzangu wa Berlin.

Mwongozaji ana saa mbili, pengine pungufu, na mbele yake wamesimama watu waliochoka, wengine wakitafuta choo, wengine wakipiga picha. Kazi yake ya kwanza ni kumfanya mgeni ahisi kwamba mahali pale panamhusu. Mimi nikipata Wajerumani nawapeleka kwenye kasri iliyokuwa ya masultani nikawazungumzia Sayyida Salme, binti wa sultani. Nikipata Wareno nasimama nao Ngome Kongwe nikawaeleza kwamba Waomani waliijenga palipokuwa na kanisa la Wareno. Yule mwenzetu aliposikia jina la Zanzibar alitafuta uzi wa kuwaunganisha watoto na mtaa ule, na uzi uliokuwa karibu ni Heligoland. Kosa la kihistoria lipo, sikatai, ila naamini lilitokana na ukarimu na uchache wa muda. Hiyo ndiyo sababu ninayoiona mimi.

#5 MtuWaWete

Kijana wetu kauliza suali la maana kuliko sisi watu wazima, na nashukuru lilitoka Wete.

Bi Makunduchi (#3) amenyoosha tarehe, nami simpingi. Hata hivyo nasema hadithi ile inaendelea kuishi kwa sababu ndani yake mna ukweli ambao watu wanauhisi. Dola mbili zilikaa Ulaya, moja ikasema chukua hiki, nyengine ikasema nipe kile, na katika vitu vilivyowekwa mezani vilimo visiwa vyetu. Kama Ujerumani ilikuwa na hati ya kumiliki au ilikuwa na pingamizi tu la kuliondoa, kwa mkulima wa karafuu wa Mtambwe tafauti ni ipi? Hakuulizwa. Mtu akiniambia "tulibadilishwa", ninamwelewa, ingawa mwanasheria atamkosoa.

Na la pili, tusiwatupie lawama Wajerumani peke yao. Skuli zetu zinausomesha mkataba huu kwa ajili ya mtihani: mwaka, majina mawili, basi. Mwanafunzi anayekwenda Berlin na mstari mmoja kichwani hawezi kumuuliza mwongozaji lolote.

#6 Mzee_wa_Malindi

Nimesoma kwa makini. Mimi nilisoma Berlin Mashariki katika miaka ya sabini, enzi za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, na sisi pia tulikuwa wanafunzi wageni tuliotembezwa mji.

Walituonesha mnara wa televisheni wa Alexanderplatz, wenye urefu wa mita 368, na bustani ya Treptow ilipo kumbukumbu kubwa ya wanajeshi wa Kisovieti. Jumba la Jamhuri lilipofunguliwa 1976 walitupeleka huko, tukashangaa taa zake. Lango la Brandenburg tulilitazama kwa mbali, kwa sababu lilikuwa ndani ya eneo la mpaka na hakuna aliyeruhusiwa kulisogelea. Ama huo mtaa wa Wilhelmstraße, wakati huo ukiitwa Otto-Grotewohl-Straße, hakuna aliyetusimamisha hapo kutuambia kwamba Bismarck aliwahi kukaa na mabalozi wakazungumza habari za Afrika. Jumba lenyewe lilikwisha baada ya vita, na miaka ya themanini serikali ile ikajenga majumba ya fleti mtaani hapo.

Kwa hiyo maelezo yangu ni mengine: kila serikali huwatembeza wageni kwa njia inayoitaka yenyewe. Ya wakati wetu ilitaka tuone ujamaa na ushindi dhidi ya ufashisti. Ya leo inataka vijana waone Ukuta na kumbukumbu ya Mayahudi, na ni haki wayaone, kwa sababu ni mambo mazito waliyoyatenda wenyewe na wameamua kutoyaficha. Afrika imeingia juzijuzi, na kilichoingia juzijuzi hakijapata wasimuliaji waliokizoea. Na hilo Jumba la Jamhuri msilitafute: lilibomolewa baina ya 2006 na 2008, na pahala pake wameirejesha sura ya kasri ya wafalme, ndani yake mna makumbusho ya vitu vya Afrika na Asia.

#7 MwanaKikwajuni

Mzee wangu, kila uzi wa Ujerumani lazima utufikishe Alexanderplatz! Lakini leo umenikumbusha jambo. Binti wa jirani yetu, aliyekuwamo katika kundi la maalim, alituma picha ya majumba marefu ya Karl-Marx-Allee na chini yake akaandika: "Nimefika Michenzani." Je, kuna mtu anayejua kwa nini yanafanana hivyo na majumba ya Michenzani ya hapa Unguja?

#8 Fundi_Ngambo

Hilo ni la nyumbani, nitalijibu mimi.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Ujerumani Mashariki ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kutuunga mkono, ikafungua ubalozi hapa Unguja mwaka huohuo. Majumba ya Kikwajuni na ya Kilimani yalijengwa kwa msaada wao. Mwaka 1968 mtaalamu wao wa mipango miji, Hubert Scholz, alitayarisha ramani ya mji mzima. Michenzani ilitokana na azma ya Mzee Karume ya kuigeuza Ng'ambo yote, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na ukubwa wake ulipita aliyoyapendekeza Mjerumani. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliopanga foleni kupokezana matofali katika kazi za kujitolea. Akituhadithia kwamba vumbi la saruji lilikuwa likiganda nyusini, na kwamba jioni walirudi nyumbani kwa miguu wakiwa weupe kama waliopakwa chokaa.

Sasa mtazame huyo binti: amekwenda nchi ya kigeni kutazama majengo ya kihistoria, na jengo lililomsimamisha ni la sura ya kwao, isipokuwa kule barazani hakukuanikwa kanga. Kwa maoni yangu lingekuwa somo zuri kuliko hilo la Heligoland.

#9 BintiMakunduchi

Ahsante fundi kwa habari za Scholz. Naongeza sahihisho kwa #7, ili wanafunzi wajao wasichanganye. Karl-Marx-Allee ina sehemu mbili. Ile ya mwanzo ilijengwa miaka ya hamsini ikiitwa Stalinallee, na majumba yake yana vigae na mapambo mengi, hayafanani na Michenzani hata kidogo. Sehemu iliyofuata, kutoka Strausberger Platz kuelekea Alexanderplatz, ilijengwa kuanzia 1959 kwa vipande vya zege vilivyomiminwa kiwandani, na bila ya shaka picha ya binti yule ilipigwa huko. Njia ya ujenzi nayo ni tafauti: wao waliunganisha kuta zilizokwisha kutengenezwa, sisi tulipanga tofali juu ya tofali, kama alivyosema fundi.

#10 Bi_Zubeda_Forodhani

Assalaam alaykum. Mtembeza (#4) kamtaja Sayyida Salme nami nikangojea aendelee, hakuendelea.

Watoto wanaokwenda Berlin waambiwe kwamba kuna mtu wa nyumbani aliyetangulia. Salme binti Said alizaliwa kasri ya Mtoni 1844, akaondoka Unguja 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, na mumewe alipokufa 1870 kwa ajali ya tramu akabaki na watoto wadogo katika nchi ya ugenini. Alihama miji kadhaa, Berlin ikiwamo, na kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa hapohapo Berlin 1886. Mwaka mmoja kabla alirudishwa Unguja na merikebu za Kijerumani kudai urithi, na ndugu yake Sayyid Barghash, aliyekuwa Sultani wakati huo, akakataa kuonana naye. Alifariki Jena 1924, akazikwa Hamburg.

Na kuna Amur bin Nasur, mzaliwa wa Unguja, aliyesomesha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki cha Berlin kuanzia 1891, akaandika kwa Kiswahili habari za maisha yake, zikachapishwa huko. Mtu wetu aliutazama mji ule kwa macho ya mgeni zaidi ya miaka 130 iliyopita. Kwa nini maalim wetu wanawangojea waongozaji wa Kijerumani wawasimulie watoto, hali ya kuwa tunao wasimuliaji wetu?

#11 Maalim_Mkunazini

Ahsanteni nyote. Bi Zubeda, habari za Salme watoto walizipata kabla ya safari. Za Amur bin Nasur nitazitia katika matayarisho ya kundi lijalo inshaallah.

Naomba nieleze jambo moja ambalo sikulisema katika #1. Niliomba tuongezewe nusu siku nje ya ratiba, tukapanda treni ya chini ya ardhi, njia ya U6, tukashuka kituo cha Afrikanische Straße. Huko kaskazini mwa mji kuna mitaa iliyopewa majina ya Kiafrika kuanzia enzi za ukoloni: Togo, Kamerun, Usambara, Tanga, Uganda. Na upo mtaa unaoitwa Sansibarstraße. Ni mtaa wa kawaida wa makaazi, una miti na baiskeli zilizofungwa kwenye vyuma. Watoto walipanga mstari chini ya kibao wakapiga picha, na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akipita na mfuko wa mikate akasimama kuwauliza wana furaha gani. Walipomwambia wanatoka Zanzibar, alicheka, akawashika mikono mmoja baada ya mmoja.

Hatua chache kutoka hapo, njia iliyokuwa na jina la Peters ilibadilishwa Agosti 2024 na kugawiwa majina mawili: upande mmoja Anna Mungunda, mwanamke wa Namibia, na upande wa pili Maji Maji. Tuliwasimulia watoto vita vya Maji Maji tukiwa tumesimama juu ya njia yenye jina hilo, na hakuna aliyecheza na simu.

Lakini hapo ndipo mwanafunzi mwengine, wa Kitope, aliponishika. Aliniuliza: "Kama hatukuwa koloni lao, kwa nini jina letu limewekwa katika mtaa wa makoloni yao?" Huenda jibu la suali langu la pili limo humo. Mjerumani anayekua akiuona Zanzibar katikati ya Togo, Kamerun na Tanga, bila ya mtu kumwambia lolote ataamini kwamba zote zilikuwa za babu yake.

#12 BintiMakunduchi

Suali la mwanafunzi wa Kitope ni zuri, ila jibu hilo lina kasoro. Katika mitaa hiyohiyo wewe mwenyewe umeutaja wa Uganda, na upo wa Kongo pia. Nchi hizo hazikuwa za Ujerumani, na sijasikia mwongozaji akisema kwamba Ujerumani iliibadilisha Kongo. Lazima kuna sababu iliyoipa Zanzibar hadithi yake peke yake.

#13 Msafiri_wa_Lindi

Salaam ndugu wa visiwani. Mimi ni wa upande wa pili wa bahari, ila nina haja na safari hizi.

Mkipeleka watoto Berlin, wapitisheni kwenye makumbusho ya viumbe na mambo ya asili. Katika ukumbi mkubwa mtakuta mifupa ya mjusi wa kale, kimo chake mita 13.27, na mifupa hiyo imetoka kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Ilichimbwa baina ya 1909 na 1913, ikabebwa mabegani na vichwani na wapagazi kutoka kilimani mpaka bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa kwa miguu, tena katika nchi iliyokuwa bado haijapona njaa iliyoletwa na Maji Maji. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Watoto wa Ujerumani wanaujua ukumbi ule tangu wadogo, wetu hawajui hata Tendaguru iko wapi. Maalim, mliingia?

#14 Maalim_Mkunazini

Tuliingia, na wa Pemba ndio waliokataa kutoka. Jina la Boheti bin Amrani nimeliandika, ahsante.

#15 MtuWaWete

Ndugu wa Lindi karibu sana, lakini uzi unatuponyoka. Suali la maalim ni kwa nini hadithi ya kubadilishwa inaendelea. Mpaka sasa tuna la mtembeza kuhusu ukarimu, langu kuhusu skuli, la mzee kuhusu serikali, na la mtaa wa Sansibarstraße, ambalo dada yetu amelitilia shaka. Mwenye jengine alete.

#16 Mzanzibari_Hamburg

Ninaishi huku kwa muda mrefu sasa, naomba niongeze nisichokiona hapo juu.

Waliotangulia kusema kwamba Zanzibar ilitolewa ni Wajerumani wenyewe, tena mwaka uleule wa 1890, na walisema kwa hasira. Wafuasi wa Peters na wapenda makoloni waliona kwamba Caprivi ameitupa Afrika Mashariki yote kwa mwamba mmoja baharini. Hasira hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyozaa jumuiya ya Wajerumani wenye siasa kali za utaifa iliyoundwa 1891. Kwa kuwa walitaka serikali ionekane imepoteza, walizungumza kana kwamba Zanzibar ilikuwa tayari mkononi. Mwongozaji wa leo hajui kwamba anarudia maneno ya watu hao; yamemfikia yakiwa yamepoa, yakiwa maarifa ya kawaida ya skuli. Jina la mkataba nalo, kwa kuviweka visiwa viwili pamoja, linamsaidia kukosea.

Na Heligoland yenyewe msiifikirie kuwa nchi. Haifiki kilomita za mraba 2, kisiwa kikuu pamoja na kile cha mchanga kilicho kando yake. Ina jabali jekundu lililosimama wima, nyumba za rangi na ndege wa baharini wengi mno. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza waliripua ngome zake Aprili 1947 kwa maelfu ya tani za baruti, na hawakuirudisha kwa Wajerumani mpaka 1952. Wanafunzi wakipata nafasi ya kufika huko kwa boti, watajionea wenyewe ukubwa wa kilichowekwa mezani pamoja nao.

#17 Mzee_wa_Malindi

Hili la #16 lina uzito. Ila wakati wetu katika Ujerumani Mashariki vitabu vya skuli vilimlaani Peters na wenziwe wote, na bado walimu wetu walisema "Zanzibar kwa Heligoland" kama wanavyosema wa leo. Hasira ya 1890 peke yake hailielezi hilo.

#18 BintiMakunduchi

Nami nina la kuuliza kuhusu #16. Hasira hiyo ilikuwa na mizizi, haikuwa ya kubuni tu. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilikuwapo Unguja tangu 1849, na mwaka 1859 miji ya biashara ya Ujerumani ilifunga mkataba na Sayyid Majid, Sultani wa wakati huo. Agosti 1885 manuwari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri ya Barghash, mizinga ikiwa imeelekezwa mjini, mpaka akayakubali madai yao ya bara. Hata baada ya mkataba, katika vita vifupi na Waingereza vya Agosti 27, 1896, Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani, alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na Wajerumani wakamvusha kwenda Dar es Salaam. Mjerumani wa zama hizo aliyeishi Unguja aliona biashara yake, balozi wake na merikebu zake, na huenda alihisi kwamba mji ni nusu wake. Hadithi inaweza kuwa imetoka hapa Forodhani ikapelekwa Berlin, na sio kinyume chake. Sidai kwamba nimethibitisha. Nasema milango yote miwili iko wazi.

#19 Mtembeza_Shangani

Kama ni hivyo, sisi watembezaji wa Mji Mkongwe tumeisambaza zaidi kuliko wao. Nimewasikia wenzangu wakiwasimulia wageni Heligoland kwa fahari, kwamba kisiwa chetu kilikuwa na thamani kubwa kiasi hicho. Fahari nayo ni sababu.

#20 MamaFuoni

Samahanini wajuzi, nakatisha kidogo. Mwanangu yumo katika kundi la mwakani. Maalim, katika hayo yote ni lipi linalotaka kutayarishwa mapema?

#21 Maalim_Mkunazini

Bi mkubwa, kubwa ni Reichstag. Kuingia kwenye kuba ni bure, ila majina na tarehe za kuzaliwa lazima yaandikishwe kabla ya siku yenyewe, na kila mtoto awe na pasipoti yake mlangoni, isiyopishana na jina lililoandikwa hata kwa herufi. Makumbusho ya Pergamon yamefungwa kwa matengenezo tangu Oktoba 2023, kwa hiyo wasiahidiwe Lango la Ishtar. Koti zito na viatu vya kufunga ni lazima, kwa sababu matembezi yote ni ya miguu na watoto wetu hushuka ndege na kandambili.

Na ikiwezekana wafike Brunnenstraße, nambari 193. Njiani pamepigiliwa jiwe dogo lenye uso wa shaba, upana wake sentimita 10 tu, la kumkumbuka Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam 1904, akasaidia kusomesha Kiswahili Berlin, akafungwa na utawala wa Hitler katika kambi ya Sachsenhausen na kufia huko Novemba 1944. Ni rahisi kulipita bila ya kuliona. Sisi tulilitafuta huku na huku mpaka msichana mmoja akaita, na alipolifuta kwa ncha ya mtandio wake herufi zikasomeka. Walimwombea dua palepale.

#22 MtuWaWete

Allah amrehemu. Maalim, ziandike hizi zote kwenye karatasi moja, skuli za Pemba tuzipate kabla ya safari.

Bado nina suali kwa Bi Makunduchi. Zile marki milioni 4 za pwani zilifika Unguja, au nazo zilikwenda na maji?

#23 BintiMakunduchi

Zililipwa, zikiwa sawa na pauni 200,000 za wakati huo, lakini wenye mamlaka juu yake wakawa Waingereza. Mwaka 1895, walipoiondoa kampuni yao iliyokuwa ikiendesha Mombasa na pwani ya Kenya, fidia ya kampuni ilikuwa pauni 250,000, na 200,000 kati ya hizo zilitoka katika fedha hizo za Zanzibar.

#24 Fundi_Ngambo

Yaani fedha za pwani iliyochukuliwa na Mjerumani zimemlipa Mwingereza kwa pwani nyengine iliyokuwa ya Sultani huyohuyo? Dada, fungua uzi wake peke yake, tutakuja.

#25 MwanaKikwajuni

Na watu wa Mafia waitwe. Wao ndio walioingia kweli katika mkono wa Mjerumani, na katika uzi huu wote hakuna aliyewauliza.